Maana ya Jina Golgotha: Fuvu au Mafuvu?

Mahali aliposulubiwa Yesu huitwa Golgotha katika Injili tatu, na zote tatu hulieleza jina hilo kwa Kiyunani: Kraniou Topos. Wengi hudhani kwamba paliitwa hivyo kwa sababu ya mafuvu ya wahalifu yaliyotapakaa chini. Rai hiyo ni ya zamani. Jerome, aliyefariki mwaka 420, aliieleza kwa habari ya watu waliokatwa vichwa. Lakini sarufi ya jina lenyewe haiiungi mkono.

Kranion ni fuvu. Topos ni mahali. Neno la kwanza limegeuzwa mwisho wake likawa kraniou, umbo lifanyalo kazi ya kiungo -a cha Kiswahili, nalo ni la umoja. Umbo la wingi lina mwisho mwingine kabisa. (Mapokeo aliyoyataja Origen kabla ya Jerome, kwamba Adamu alizikwa hapo, angalau yanashika umoja huo.) Tena kiungo hicho, kwa Kiyunani kama kwa Kiswahili, si cha kumiliki tu. Asemaye “mji wa mfalme” ana vitu viwili akilini, mji na mwenye mji. Asemaye “mji wa Mombasa” ana kimoja, kwani mji ndio Mombasa. Kraniou Topos yafaa ifahamike kwa njia hii ya pili: mahali paitwapo Fuvu.

Shahidi ni Luka (23:33). Yeye aliacha neno Golgotha, akaandika kwamba mahali hapo paliitwa Kranion, Fuvu, basi. Hilo lapatana na asili, kwani gulgulta ya Kiaramu ni fuvu, wala hamna ndani yake neno lolote la mahali. Kwa hiyo wafasiri wa Union Version ya mwaka 1952 walipoandika “Fuvu la kichwa” walifanya vyema.

Sababu ya kupaita Fuvu ni jambo jingine. Mwaka 1883 Mwingereza Charles Gordon aliona sura ya fuvu katika mwamba ulio kaskazini ya Yerusalemu, akashikilia kuwa ndipo. Lakini mapokeo ya tangu karne ya 4 yaelekeza kwenye Kanisa la Kaburi Takatifu. Na “Mlima Kalvari” wa nyimbo nao? Kalvari ni calvaria, fuvu kwa Kilatini. Mlima haumo katika Injili hata moja.