Windo Bila Bunduki: Namna ya Kumpata Nzohe

Uwindaji wa wanyama wakubwa kwa leseni ulipigwa marufuku Kenya mwezi Mei 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikulegeza kamba. Hata hivyo mwindaji alikuwa na kazi mbili: kumpata mnyama na kumwua. Ya pili imekatazwa. Ya kwanza ipo, na katika maeneo ya Kitale na Bungoma ni ngumu kwelikweli, kwani ardhi imebanwa na watu kila upande. Ndiyo maana nawashauri wageni wapange safari kwa kuanza na ratiba ya watu. Mnyama wa huku amekwisha kuipangia siku yake kwa ratiba hiyo.

Chukua Hifadhi ya Taifa ya Saiwa Swamp, nje kidogo ya barabara ya Kitale–Kapenguria. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa majini, na ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini: kilomita za mraba 3 hivi, mashamba yakiizunguka. Gari haliingii. Unatembea kwa miguu na kupanda majukwaa ya mbao. Nzohe hana pa kukimbilia, basi amekuwa bingwa wa kujificha. Kwato zake ndefu hutanuka zisizame topeni, na akishtuka hujitosa majini akabakiza pua tu.

Mchana, wakati watu wako shambani na wageni wako njiani, yeye amelala juu ya matete aliyoyakanyaga. Hutoka kula alfajiri na jioni. Uwe jukwaani mapema asubuhi, mara tu lango linapofunguliwa, na uchague siku ya katikati ya wiki kuliko Jumamosi yenye makundi ya wanafunzi. Pima upepo: utoke kinamasini kuja kwako. Kisha usitafute swala mzima. Tafuta sikio linalofukuza nzi, au tete moja linalotikisika hali mengine yametulia. Nzohe hupita njia zile zile kila siku, kama vichochoro ndani ya matete. Kaa mkabala na mahali kichochoro kinapotokea kwenye nyasi fupi. Ukingoja, huenda kima aitwaye karasinga, mwenye ndevu nyeupe, akakupitia juu ya mti.

Mlima Elgon una hesabu nyingine. Hifadhi ya taifa upande wa Kenya ilitangazwa mwaka 1968, ina kilomita za mraba 169, na wanaotoka Kitale huingilia lango la Chorlim. Ukipandia upande wa Bungoma, kupitia Kimilili na Kapsokwony, uliza kwanza unakanyaga ardhi ya nani: hifadhi, msitu wa serikali au ardhi ya jamii. Ardhi ya Chepkitale mlimani humo, kwa mfano, jamii ya Waogiek iliidai mahakamani mpaka Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ikawapa haki mwaka 2022.

Ndovu wa Elgon huingia mapangoni usiku, Kitum likiwa maarufu zaidi, wakachokoa ukuta kwa pembe na kula mawe yenye chumvi. Mchana utakuta michirizi ya pembe ukutani, na pengine kinyesi ambacho bado kina unyevu. Hapo usiendelee bila askari wa Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS), kwa sababu nyati nao wanaishi msitu huo huo. Popo na kinyesi chao usiviguse: mwaka 1980 na 1987, watu waliokuwa wamezuru Kitum walipatwa na virusi vya Marburg.

Kwa anayetoka Bungoma, matatu ya asubuhi haitakufikisha Saiwa kwa wakati. Lala Kitale au piga hema karibu na hifadhi, na ulipe kiingilio kupitia mtandao wa eCitizen kabla ya kufika langoni. Mpe nzohe jioni moja na asubuhi inayofuata, kisha ndipo upande mlimani.

Ukiona mtego wa waya, usiung'oe. Aliyeutega amesoma njia zile zile ulizozisoma wewe, na lazima atarudi kuukagua. Mwonyeshe askari mahali penyewe, naye aamue kuung'oa au kumvizia mwenyewe.