Jumapili ziwani: kweli au si kweli?

Sikukuu ikifika, bodaboda za Nyasho hubeba kila kitu: mama, watoto wawili, hotpoti ya pilau na dumu tupu la lita 5 ambalo mtoto mkubwa atalitumia kujifunzia kuogelea. Safari ni fupi, maana mji wetu wa Musoma umekaa kwenye rasi, na ukigeuka huku au kule unaliona ziwa. Wengine wanapenda mawe ya Matvilla, wengine hushuka upande wa Makoko, na wenye jamaa Bunda hufika hadi Ghuba ya Speke. Kabla ya kuondoka kila mmoja hutoa ushauri wake kuhusu bichi ipi ni nzuri kwa watoto. Ushauri huo nimeusikia tangu utotoni, na mwingine unaweza kumponza mtoto.

"Ufuko wa kweli uko Dar na Unguja, sisi tuna ziwa tu."

Si kweli. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na mtu akisimama Musoma akatazama magharibi haoni ng'ambo. Lina mawimbi, lina mchanga, lina dhoruba zake. Ila aliyezoea bahari asidhani anayajua maji haya. Kule pwani bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Maji yakipwa, mzazi anaona sakafu yenyewe: shimo liko wapi, jiwe liko wapi, mteremko unaanzia wapi. Ziwa halipwi, kwa hiyo shimo lililo hatua kumi kutoka ukingoni hulioni mpaka uliingie. Tena maji ya chumvi humwinua mtu kidogo, na haya hayana chumvi. Mtoto wa shangazi aliyekuja kutoka Tanga, anakoelea bila shida, hapa atajikuta mzito zaidi.

"Watoto wadogo wapelekwe penye maji yaliyotulia."

Hili ndilo linalosemwa na wengi, nami nalipinga kwa nguvu zangu zote. Ni kweli kwamba mawimbi humwangusha mtoto. Lakini fikiria mahali ambapo maji hutulia: kwenye vighuba, nyuma ya matete, penye magugu maji, pale yanapofika magotini na kuwa vuguvugu. Konokono wanaobeba kichocho nao hupapenda papo hapo. Minyoo michanga hutoka kwa konokono hao, huogelea, na ikikuta ngozi ya mtu huipenya katika dakika chache.

Hapa uongo umejipanga mmoja juu ya mwingine. Husemwa kwamba bila kidonda huwezi kuambukizwa. Si kweli, ngozi nzima hupenywa vilevile. Husemwa kwamba ukijifuta taulo haraka umepona. Usitegemee hilo, maana mtoto aliyecheza nusu saa majini amekwisha kuwapa minyoo muda wa kutosha. Na lile ninalolisikia zaidi mitaani, "Mwanangu hakojoi damu, hana kichocho." Si kweli hata kidogo. Kichocho cha kukojoa damu kipo, lakini huku kando ya ziwa kilichoenea zaidi ni kichocho cha tumbo. Mtoto analalamika tumbo, anaharisha, pengine choo kina damu, na miaka ikipita bila tiba ini na bandama huvimba. Nimewaona watu wazima wenye matumbo yaliyojaa maji, na majirani wakisema wamerogwa.

Dawa ipo. Ni prazikwanteli, ileile inayogawiwa watoto shuleni wakati wa kampeni. Inaua minyoo iliyokomaa lakini haiwezi vizuri ile michanga, kwa hiyo mgeni aliyeoga ziwani akiimeza kesho yake huenda isimsaidie. Aende kupimwa baada ya wiki sita hadi nane.

Kwa sababu hiyo, nikiulizwa nachaguaje ufuko, naanza na swali ambalo watu hulishangaa: choo kiko wapi? Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, yanafika majini, yanaingia kwa konokono, mzunguko unaanza upya. Ufuko wenye choo safi kinachotumika ninauthamini kuliko wenye mchanga mweupe na viti vya rangi. Choo hakimalizi hatari, kwa sababu maji hayana ukuta, na ya jirani hufika kwako. Baada ya choo naangalia kama ukingo hauna majani na kama mawimbi madogo yanapiga mchanga. Konokono hawapendi kupigwapigwa, ingawa hakuna ukingo wa ziwa hili ninaoweza kuuapia kwamba hauna kichocho kabisa. Familia inayotaka utulivu wa moyo ije ikae kivulini, ile sato wake, watoto wachimbe mchanga na kupanda mawe, na wasioge. Siku hiyo bado itakuwa nzuri.

"Mamba wako Mto Mara, huku mjini hawafiki."

Si kweli. Mto Mara unamwaga maji yake kwenye Ghuba ya Mara, baada ya kupita kwenye bwawa kubwa la mafunjo na chini ya daraja la Kirumi. Mto Grumeti nao unaishia Ghuba ya Speke, upande wa Bunda. Mamba hana mpaka kati ya mto na ziwa. Hupenda midomo ya mito, matete, na mahali watu wanapokwenda kila siku saa ileile kuchota maji au kufua. Kelele za watoto si kinga. Kiboko naye hutoka majini jioni kwenda malishoni, na anayekaa kwenye njia yake akichelewa kukusanya vyombo yuko hatarini.

Wanaojua habari za wiki hii wapo mwaloni. Shuka kwa wavuvi, amkia, "Shikamoo mzee, hapa watoto wanaoga?" Akisita kujibu, ondoka. Akisema, "Hapo kwenye majani usiwaache," usimbishie kwa sababu mwaka jana mlikaa hapohapo.

"Asubuhi ndiyo wakati mzuri."

Kweli, na kwa sababu zaidi ya moja. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, upepo unavuma kutoka majini kuja kwetu, na alasiri mawimbi huwa makubwa. Wale minyoo wa kichocho nao hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuelekea saa sita na kuendelea. Jua lenyewe si la kuchezea, kwa kuwa tuko karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Lakini asubuhi ina hila moja. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Maji ya ukingoni huwa kama kioo, na mtoto aliyekaa kwenye tyubu ya gari husukumwa polepole kwenda mbali bila wimbi lolote kuwatahadharisha wakubwa. Tyubu ifungwe kamba, na kamba ishikwe na mtu mzima.

"Akizidiwa atapiga kelele, tutamsikia."

Si kweli, na naomba mzazi asome hapa mara mbili. Anayezama anatafuta pumzi, hana pumzi ya kuitia mtu. Kichwa hulala nyuma, mdomo unazama na kuibuka, mikono inasukuma maji kwa pembeni kana kwamba anapanda ngazi. Kwa aliye mbali anaonekana anacheza. Mtoto mdogo huzama chini ya dakika moja, nyinyi mkiwa mnagawana pilau. Familia yenye watu wazima kumi ndiyo ninayoihofia zaidi, maana kila mmoja anaamini mwenzake anatazama. Wekeni zamu. Mtu mmoja, robo saa, simu mfukoni, macho kwa watoto, kisha amkabidhi mwingine kwa jina. Na lile dumu tupu, kifuniko kikikazwa na kamba ikifungwa kwenye mpini, ni la kumrushia anayezama. Asiyejua kuogelea asimfuate majini.

Kuhusu mtumbwi wa kuzungushwa nusu saa, jibu langu ni fupi: bila jaketi la kuokolea kwa kila mtoto, hapana. Msinijibu kwamba tuko karibu na ukingo. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kinakaribia kutia nanga kisiwani Ukara, na watu zaidi ya 200 walikufa.

"Nimekulia hapa, ufuko huu naujua."

Ilikuwa kweli, zamani. Mei 2020 ziwa lilipanda likavuka rekodi iliyowekwa mwaka 1964, na 2024 likapanda zaidi. Palipokuwa na nyasi pakawa maji. Misingi ya vibanda, visiki vya miti na nguzo za uzio vikabaki chini, havionekani. Jiwe tulilokuwa tukilirukia tukiwa watoto, tukijua kabisa kina cha maji yaliyo mbele yake, siku hizi sina hakika liko wapi. Nikifika naingia mimi kwanza, polepole, nikipapasa kwa nyayo hatua baada ya hatua mpaka maji yafike kifuani, na watoto wananingoja mchangani.