Ukali wa Tunda Si Kipimo cha Vitamini C

Mnunuzi katika soko la Makorora, mjini Tanga, aweza kudhani kwamba tunda lililo kali zaidi ndilo lenye vitamini C nyingi zaidi. Sivyo. Ukali wa ndimu hutokana hasa na asidi ya sitriki, na ule wa ukwaju na asidi ya tartariki. Vitamini C ni asidi nyingine, iitwayo askobiki. Gramu 100 za ukwaju zina miligramu 4 hivi tu za asidi hiyo, ndimu 30 hivi, ilhali pera, ingawa ni tamu, huzidi 200.

Mwaka 1498 mabaharia wa Vasco da Gama, waliougua kiseyeye, walipata nafuu Mombasa. Mwandishi wa safari yao alisifu hewa ya mji. Kumbe mtawala alikuwa amewapelekea machungwa mengi.

Aidha, asidi hiyo huusaidia utumbo kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani, na hivyo kupunguza hatari ya upungufu wa damu. Lakini joto huiharibu. Basi ndimu ikamuliwe chakula kikisha kuepuliwa, na pera liliwe pamoja na mlo.