Mtoa Figo na Fomu ya Bima: Kweli au Uongo?

Mgonjwa wa figo wa Garissa akiambiwa apandikizwe, ukoo huchanga fedha, yaani qaraan, gari likashika njia ya Nairobi, kilomita 370 hivi. Ndugu aliyetoa figo hurudi akapokewa kwa dua. Habari za bima huzuka baadaye, tena zikiwa zimechanganyika na porojo.

"Mwenye figo moja ni mgonjwa." Uongo. Figo iliyobaki hutanuka na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Hatari ipo, tusidanganyane. Utafiti wa Marekani wa 2014 ulikadiria kwamba katika kila watoaji 10,000, figo zingewafeli 90 maishani. Kwa watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa, ni 14. Kwa umma kwa jumla, 326! Hata hivyo, jirani asiyewahi kupimwa hata presha anaweza kupewa bima bila maswali mengi.

"SHA itamkataa." Uongo. Mchango wa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, hufuata kipato: asilimia 2.75, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Figo hazihesabiwi.

"Kutoa figo ni haramu." Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lililokutana Jeddah 1988, liliruhusu kwa masharti. Lililokatazwa ni kuuza.

"Kampuni binafsi haziwezi kumbagua, Katiba imekataza." Nusu kweli, na hapa ndipo watu huumia. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya afya, na hakiifungi Serikali peke yake. Mtu binafsi pia kinamfunga. Lakini kazi ya bima ni kupima hatari, na kampuni itajitetea kwa hoja hiyo hiyo. Mwenye virusi vya Ukimwi ana sheria ya 2006 inayotaja bima na mikopo waziwazi. Mtoa figo hana mstari wa namna hiyo; hata Sheria ya Afya ya 2017, yenye sehemu nzima kuhusu viungo vya binadamu, haikumwekea. Marekani nako mswada wa kuwalinda watoaji umekuwa ukirudishwa bungeni tangu 2014, ingawa majimbo mengi yamejitungia sheria zao.

"Nyamaza tu, usiandike kwenye fomu." Uongo, na ni ushauri mbaya kuliko yote. Ukificha ulichoulizwa, kampuni inaweza kuubatilisha mkataba wako siku unapodai, na mahakamani utakuwa wewe mwenye kosa. Andika ukweli, ambatisha barua ya daktari na majibu ya presha na kreatinini. Ukikataliwa au ukiongezewa malipo, omba sababu kwa maandishi, kisha uyapeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima.

Aden Duale, mwana wa Garissa, alikabidhiwa Wizara ya Afya mwaka 2025. Wabunge wa Garissa, Wajir na Mandera, mwambieni: mtoa figo naye aandikiwe mstari wake katika sheria.