Miezi Minane ya Kusubiri Bure

Matone yalianza mwaka wa tatu wa ndoa yangu. Hayakuwa mengi: alama ya kahawia siku ya 14 ya mzunguko, pengine ya 17, kisha kimya mpaka hedhi yenyewe. Nilikuwa na miaka 34, nafundisha shule ya msingi hapa Tanga, na mimba ilikuwa haijaingia hata mara moja. Kituo cha kwanza nilichokwenda waliniambia kizazi ni kichafu, nikasafishwa. Matone yakakoma mwezi mmoja, yakarudi.

Sasa naelewa kwa nini yalirudi. Kusafishwa kwa namna ile ni kukwanguliwa na mtu asiyeona anachokwangua. Kinyama laini kinachoning'inia kwa kikonyo huinama, kifaa kikapita, nacho kikabaki palepale.

Kinyama hicho madaktari hukiita polipu. Huota kwenye utando wa ndani wa mji wa mimba, utando uleule unaobomoka kila mwezi ukatoka kama hedhi. Fibroidi, ambayo wengi wetu tunaifahamu zaidi, hutoka kwenye msuli wa kizazi, kwa hiyo ni kitu kingine. Polipu nyingine ni ndogo kama punje ya ufuta, nyingine hufika sentimita kadhaa, na wapo wanawake wanaoishi nazo bila dalili yoyote. Kwa anayetafuta mtoto, huweza kuziba tundu la mrija, au kuuvuruga utando hadi mimba changa ikakosa pa kujishikiza.

Yangu ilionekana Dar es Salaam. Daktari aliniagiza nipige ultrasaundi mara tu hedhi ikikauka, utando ukiwa bado mwembamba, maana mwisho wa mzunguko hunenepa na kukificha kinyama. Nikapanda basi alfajiri stendi ya Kange, saa nane mchana nimelala kitandani nikitazama kidoa cheupe kwenye skrini: sentimita 1.4, jirani na mdomo wa mrija wa kushoto.

Usiku wa kuamkia upasuaji sikulala, nikidhani nitapasuliwa tumbo. Hakuna kisu kilichogusa tumbo langu. Kamera nyembamba hupitishwa ukeni, ikavuka mlango wa kizazi, maji ya chumvi yakaingizwa ili mji wa mimba ufunguke, na daktari akakata huku anaona. Wazo lenyewe ni la zamani: daktari Pantaleoni alichungulia ndani ya kizazi cha mwanamke aliyekuwa akitoka damu mwaka 1869, akaiona polipu kwa macho yake. Jioni ileile niliruhusiwa. Kinyama kilipelekwa maabara, na majibu yakarudi hayana saratani. Kwa mwanamke ambaye bado anaona hedhi ni nadra kuikuta, lakini kupima ni lazima.

Kosa langu lilianza nyumbani. Mama mkwe alinipokea kama mzazi: akanikanda kwa maji ya moto, akanikorogea uji wa pilipili manga, akasema, "Mwanangu, kizazi kimekatwa. Kipe mwaka." Alisema kwa mapenzi, na mimi niliogopa, nikakubali. Mume wangu naye hakutaka kuniumiza. Tukakaa miezi minane tukijizuia.

Niliporudi kliniki daktari alifungua faili, akahesabu kwa vidole, akaniuliza, "Mama, mlikuwa mnasubiri nini?" Akanieleza kwamba jeraha la polipu huwa dogo, na utando ni kitu kinachojijenga upya kila mwezi. Kwa kawaida, hedhi moja ikishapita vizuri, mtu huruhusiwa kujaribu. Aliyekatwa fibroidi kubwa iliyozama kwenye msuli husubiri zaidi, na huenda ndiko ushauri wa mwaka mzima ulikotoka. Nilikuwa nimetimiza miaka 36. Nililia pale pale kwenye kiti, kwa sababu hakuna upasuaji unaorudisha miezi ya umri.

Alinisimulia utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2005. Wanawake 215 wenye polipu walikuwa wakisubiri kuwekewa mbegu za kiume kizazini. Nusu walitolewa polipu, nusu wakachunguzwa tu. Waliotolewa walipata mimba 63 katika kila 100, wenzao 28. Kilichonichoma ni hiki: wengi wa hao waliotolewa walishika mimba kabla hata ya kuwekewa mbegu mara ya kwanza, yaani katika miezi ileile ambayo mimi nilikuwa nakunywa uji.

Lakini hakuniahidi kitu. Polipu huweza kuota tena, na mara chache kamera hutoboa kizazi au kuacha makovu. Kisha akauliza swali ambalo miaka yote hakuna aliyeliuliza: mume wako amepimwa? Hakuwa amepimwa. Aliingia maabara akiwa amekunja uso, akatoka na karatasi inayosema mbegu zake ni nzima, tukashika njia ya Tanga. Tangu Chalinze mpaka Segera hakuuachia mkono wangu.

Mimba iliingia mwezi wa tano baada ya siku hiyo. Binti yetu alipozaliwa, mama mkwe alibandika sufuria jikoni tangu alfajiri, akanikanda, akanikorogea uji. Safari hii nilikunywa bakuli mbili.