Pamba haina jina, picha ina jina: hesabu za Lubaina Himid

GUTA, Bunda

MKULIMA wa pamba wa Guta, kandokando ya Ghuba ya Speke, jina lake huandikwa mara moja tu katika safari nzima ya zao lake. Huandikwa na karani wa chama cha msingi pale kwenye mizani, katika msimu wa ununuzi ambao kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, mbele ya kilo alizoleta na fedha anazostahili kwa bei dira iliyotangazwa. Baada ya hapo mzigo huchanganywa na wa wenzake na kupelekwa kinuni kuchambuliwa. Katika kila kilo 100 za pamba mbegu hupatikana kama kilo 33 hadi 35 za pamba nyuzi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni mbegu za kukamulia mafuta. Robota likishafungwa hubeba daraja na namba. Jina la mtu halimo.

Suala hilo la jina kupotea katika vitabu vya biashara ndilo limempatia umaarufu msanii mmoja mzaliwa wa Zanzibar, Lubaina Himid, ambaye leo ni miongoni mwa wasanii wanaoheshimiwa sana nchini Uingereza. Wanaofuatilia soko la pamba wanayo sababu ya kumfahamu, kwa kuwa baadhi ya kazi zake kubwa zinahusu pamba na hesabu zake.

Bi. Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Akiwa na umri wa miezi minne, baba yake alifariki kwa malaria na mama yake, aliyekuwa mbunifu wa nakshi za vitambaa, akarudi naye Uingereza. Alisomea ubunifu wa majukwaa ya maigizo katika chuo cha Wimbledon na kumaliza mwaka 1976, kisha akapata shahada ya pili katika historia ya utamaduni kwenye chuo cha Royal College of Art mwaka 1984. Jukwaa la maigizo halijamtoka hadi leo. Sanamu zake nyingi ni za mbao bapa zilizokatwa kwa umbo la mtu na kupakwa rangi, zikasimamishwa ukumbini ili mtazamaji apite katikati yake kama anayepita sokoni.

Sanaa ya namna hiyo huitwa sanaa ya dhana, yaani ile ambayo wazo lina uzito kuliko kitu chenyewe kinachotazamwa. Hapa kwetu wapo wanaoiona kuwa ni mchezo wa watu walioshiba. Kwa kazi za Bi. Himid hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Mwaka 2002 alitengeneza kazi iitwayo Cotton.com, yenye vibao vingi vidogo vya nakshi za rangi nyeusi na nyeupe vilivyopangwa ukutani. Chanzo chake ni biashara ya pamba ya karne ya 19. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ilizuiwa kutoka bandarini, na viwanda vya Lancashire vikafungwa kwa kukosa malighafi. Wafanyakazi walilala njaa. Pamoja na hayo, Desemba 1862 wafanyakazi wa Manchester walikutana na kumwandikia Rais Abraham Lincoln barua ya kumuunga mkono, naye akawajibu Januari 1863. Katika vibao vile Bi. Himid aliwazia kwamba mtumwa wa shambani na mfanyakazi wa kiwandani, ambao hawakuonana kamwe, wanazungumza kwa nakshi za vitambaa.

Mtu wa Pwani haoni ugeni katika hilo. Kanga imekuwa ikizungumza miaka mingi, na maneno yaliyoandikwa juu yake huitwa jina. Bi. Himid mwenyewe amechora bendera kwa mtindo wa kanga, zenye pindo, picha katikati na maneno chini yake, na baadhi zilitundikwa katika maonyesho yake makubwa ya Tate Modern, London, yaliyofunguliwa Novemba 2021.

Kazi inayozungumza zaidi na mfanyabiashara, hata hivyo, ni ile ya mwaka 2004 iitwayo Naming the Money, yaani kuzipa fedha majina. Ni watu 100 wa mbao, wa kimo cha binadamu, waliogawanywa katika kazi 10: wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, waganga wa mitishamba, wachora ramani, wafunza mbwa na wengineo. Wanawakilisha Waafrika waliopelekwa utumwani katika majumba ya wakubwa wa Ulaya, ambako walitolewa hata kama zawadi, na kuchorwa pembeni mwa picha za matajiri ili kuonyesha ukwasi wa mwenye nyumba. Mgongoni mwa kila mmoja imebandikwa karatasi ya hesabu, mfano wa ankara au mizania. Juu ya karatasi hiyo, mahali ambapo zingekaa tarakimu, yameandikwa maneno machache: jina lake la asili, jina alilopachikwa na bwana wake, kazi aliyokuwa akiifanya kwao, anayolazimishwa kuifanya sasa, na kile ambacho hajanyang'anywa.

Kazi hiyo angeweza kuipeleka sokoni. Badala yake aliitoa kwa makumbusho ya utumwa ya Liverpool. Mji huo haukuwa mbali na habari hizi. Meli zake zilisafirisha watumwa kwa wingi, na madalali wake wa pamba waliunda chama chao mwaka 1841. Chama hicho, ambacho sasa huitwa International Cotton Association, bado kina makao yake huko, na sehemu kubwa ya pamba inayouzwa baina ya nchi na nchi huuzwa kwa mikataba inayofuata kanuni zake. Robota linalotoka kanda ya Ziwa likizua mgogoro wa ubora kati ya muuzaji na mnunuzi wa ng'ambo, yaelekea shauri litaamuliwa kwa kanuni hizo za Liverpool.

Kwa upande wa mapato, soko lilimchelewesha mno. Mwaka 1983 na 1985 alikuwa akiandaa maonyesho ya wasanii wanawake weusi jijini London, wakati majumba makubwa yakiwapa kisogo. Tuzo ya Turner, yenye pauni 25,000, aliipata mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 63, baada ya waandaaji kufuta mwaka huohuo sharti la kutozidi miaka 50. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuitwaa. Alishinda pia tuzo ya Marekani ya Suzanne Deal Booth na FLAG Art Foundation ya mwaka 2024, yenye dola 200,000. Aliteuliwa pia kuiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya Venice ya mwaka 2026.

Tofauti kubwa kati yake na mkulima wa Guta, hata hivyo, haiko kwenye tuzo. Iko kwenye sheria. Tangu mwaka 2006 msanii nchini Uingereza ana haki ya kulipwa kila kazi yake inapouzwa tena kupitia mnada au wakala. Hupata asilimia 4 ya sehemu ya kwanza ya bei, na kiwango hushuka kadiri bei inavyopanda. Faida ikimwendea mnunuzi wa kwanza, wa pili au wa tano, sehemu ndogo humrudia mwenye jina. Mkulima hulipwa mara moja, kwenye mizani, hata kama kitambaa kitakachotokana na pamba yake kitauzwa mara kumi.

Jina nalo lahitaji ulinzi. Edward Saidi Tingatinga aliuawa jijini Dar es Salaam mwaka 1972, na jina lake leo limekuwa aina ya bidhaa inayochorwa na kuuzwa na mamia ya watu kuanzia Oyster Bay hadi kwenye maduka ya watalii ya Zanzibar. Haki ile ya Uingereza iliongezwa mwaka 2012 kwa warithi wa wasanii waliofariki, nayo hudumu miaka 70 baada ya kifo.