Hospitali ya Macho katika Darasa la Biashara

Wanafunzi wa mikakati ya biashara ya kimataifa, katika vyuo vya nchi mbalimbali, husomeshwa kisa cha hospitali. Kiliandikwa mwaka 1993 na Harvard Business School ya Marekani, ambako uongozi hufundishwa kwa kuwapa wanafunzi visa vya kweli na kuwataka waamue kana kwamba wao ndio mameneja. Hospitali yenyewe ni Aravind, mjini Madurai, kusini mwa India.

Mwanzilishi wake, Dkt. Govindappa Venkataswamy, alistaafu utumishi wa serikali akiwa na umri wa miaka 58, vidole vyake vikiwa vimepindwa na baridi yabisi tangu ujanani. Mwaka 1976 alifungua kliniki ya vitanda 11 ili kupambana na upofu utokanao na mtoto wa jicho. Wenye uwezo walilipa. Maskini walitibiwa bure na madaktari wale wale.

Hospitali ya namna hiyo hukwepaje kufilisika? Wengi darasani hukimbilia wafadhili au kupandisha bei. Mwalimu stadi huwarudisha kwenye chumba cha upasuaji na kuwauliza ni kitu gani kilicho adimu kuliko vyote. Ni dakika za daktari mpasuaji. Kwa hiyo Aravind iliwafunza wasichana wa vijijini kupima macho, kuwaandaa wagonjwa na kusaidia wakati wa upasuaji. Daktari amalizapo meza moja, mgonjwa wa meza ya pili yu tayari. Jengo na mitambo hugharimu kiasi kile kile wakihudumiwa watu kumi au hamsini, basi kila anayeongezeka hupunguza gharama kwa wote. Venkataswamy hakuficha kwamba alivutiwa na utaratibu wa migahawa ya McDonald's, kauli ambayo huwakera baadhi ya matabibu. Wana haki ya kukereka, ingawa mgonjwa anayekaa gizani miezi kadhaa akingoja zamu yake hafaidiki na kero hiyo.

Lenzi za kupandikiza nazo zilikuwa ghali mno zilipoagizwa kutoka nje. Mwaka 1992 kikaanzishwa kiwanda cha Aurolab, kikazitengeneza kwa sehemu ndogo tu ya bei ile, na leo bidhaa zake huuzwa katika nchi nyingi.

Sehemu inayostahili muda mrefu zaidi darasani ni ile ya kambi za vijijini. Watu walipimwa bure, wakaambiwa upasuaji nao ni bure, na bado wengi hawakutokea. Nauli ilikuwa kikwazo. Chakula pia, na ujira wa siku ambao yeye na ndugu wa kumsindikiza wangeukosa. Tena kulikuwa na hofu ya kisu. Aravind ikaongeza usafiri, chakula na malazi. Mhudumu wa afya aliyezoea kuandika “amekataa matibabu” kwenye kadi angefaidika kukisoma kisa hiki, hata kama hana haja na shahada ya biashara.

Hata hivyo, mpango wote unasimama juu ya wingi wa wagonjwa. Kusini mwa India vijiji vimekaribiana na barabara zipo. Mahali kama Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako makazi yametawanyika mbali mbali, meza ile ya pili yaweza kukaa tupu, na gharama ya kumfikisha mgonjwa hospitalini ikazidi ya upasuaji wenyewe.